Vya Mezani, kutoka Karakana ya Majeneza

Kwenye karakana yetu kuna neno ambalo halisemwi. Baba alinifundisha siku ya kwanza aliponiruhusu kuhudumia wateja peke yangu. "Mteja akiondoka utamwambia pole," alisema. "Utamwambia Mungu awatie nguvu. Utamsaidia kubeba mpaka kwenye gari. Lakini karibu tena usimwambie. Hata ikikuponyoka tu, utakuwa umemtukana."

Tunatengeneza majeneza. Tupo Majengo, hapa Songea, nyuma ya maduka ya nguo, na bodaboda yeyote ukimtajia karakana ya majeneza atakuleta mpaka mlangoni. Baba aliianza kazi hii alipoachana na tumbaku kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, mimi nikiwa bado nasoma shule ya msingi. Mgongo ulipomkatalia, kaka zangu walikuwa wameshajiondokea kila mtu na njia yake, kwa hiyo randa na patasi vikabaki mikononi mwangu. Baba mwenyewe hakuondoka. Anakaa kwenye kiti chake karibu na rundo la mbao, anakunywa chai, na kila ninachokifanya ana neno juu yake.

Nisieleweke vibaya, kazi ya jeneza si ya kudharauliwa. Mtu anakuja hana nguvu hata ya kuongea, wewe unampunguzia jambo moja katika siku yake mbaya. Hilo naliheshimu. Ila watu nao wana yao. Sokoni wananirudishia chenji kwa ncha za vidole. Kwenye sherehe nikimtazama mtu kidogo tu, utasikia, "Dada, usinipime." Wote wanacheka, nami nacheka. Jirani yangu alipojifungua nilikwenda kumpongeza, nikamkuta mama yake mlangoni akaniambia mtoto amelala, na huku nyuma mtoto analia. Siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia kweli kweli.

Ndiyo maana nilikata shauri. Nilitaka, kabla mgongo wangu nao haujanikatalia, nitengeneze kitu cha watu walio hai. Nilitaka mteja atoke kwenye ile karakana anacheka, nami nimwambie karibu tena, naye asishtuke. Sikutaka zaidi ya hapo.

Nikaanza na kitu kidogo, kishikio cha kusimamishia simu, cha mbao, nikakipiga picha nikaiweka kwenye status ya WhatsApp. Wengi walipita tu. Akanipigia dada mmoja ambaye namba yangu aliipata kwa mtu aliyeiona ile picha, akajitambulisha kuwa ni katibu wa chama cha akina mama wa milima ya Umatengo, kule Mbinga. Wanakaanga na kusaga kahawa yao wenyewe, wanafunga na maharage kwenye mifuko yenye nembo, na walikuwa karibu kufungua ofisi na duka hapa mjini.

"Tunataka vitu vya mezani," aliniambia. "Vya ofisi yetu, na vingine tuwape wateja wakubwa siku ya ufunguzi. Vikombe na kalenda hatutaki, kila mtu anatoa vikombe na kalenda. Tunataka kitu kinachofanya kazi, na mtu akikiona tu mezani ajue ni sisi, hata kama jina halijaandikwa."

Nikamjibu ndiyo kabla hajamaliza. Kuhusu majeneza sikumwambia, wala hakuniuliza.

Baba alisikiliza yote akiwa na kikombe chake mkononi. "Jeneza halikosi mteja," akasema. "Hivyo vya mezani, nani amewahi kufa kwa kuvikosa?"

"Ndiyo maana navitaka, baba. Nataka kutengeneza kitu ambacho si mpaka mtu afe ndipo kinunuliwe."

"Haya," akasema, na alivyolivuta lile haya nilijua kwamba hakukubali.

Katibu akanitumia nembo kwa simu, pamoja na karatasi inayoonyesha rangi zao, hii ya kijani na hii ya kahawia, zisibadilishwe. Aliyechora ni kijana mmoja wa Dar. Ilikuwa nembo safi, haina mambo mengi. Mistari ya kijani inakwenda wima na mingine inaikata kwa ulalo, na katikati ya mistari kuna miraba ya kahawia. Niliitazama kidogo tu nikasema, hii naijua. Ni vitalu vya miche ya tumbaku. Mimi nimevimwagilia maji tangu nikiwa na kimo cha ndoo, tuta la udongo limeinuliwa, pembeni vijia vimeota majani. Kumbe Wamatengo nao wanalima hivi hivi, nikajiambia. Nikajiona mjanja sana.

Umatengo wenyewe sikuwa nimeuona. Mbinga nilikuwa nimefika mara moja kupeleka jeneza, na siku hiyo ukungu ulifunika kila kitu, hata mnara wa kanisa sikuuona.

Nikaingia kazini kwa moyo wangu wote. Sikugusa ubao hata mmoja wa stoo yetu, nisije nikaambiwa nimewapa watu mabaki ya jeneza. Nilikwenda kwa wauza mbao nikachagua mninga mkavu, nikaubeba mwenyewe. Nikachonga trei, na juu yake nikaacha miraba imeinuka, matuta yamepangwa safu kwa safu, na katikati ya matuta mifereji ya kulazia peni na rula. Nikapaka matuta rangi ya kahawia na mifereji ya kijani, sawasawa na ile karatasi. Kisha nikawaza kadi za biashara zitakaa wapi. Kila tuta nikalichana ufa mwembamba upande wa kichwani, kadi isimame wima, mgeni akikaa alisome jina. Nilipomaliza nikaipangusa kwa kanga, nikaizunguka nikiitazama. Niliipenda mno.

Baba aliitazama kwa muda mrefu. "Unaona nini hapo?" akaniuliza.

"Naona kazi."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye chai yake. Baadaye aliniambia kwamba yeye aliona siku ile ile, ila alijua nikishaamua jambo siambiliki.

Ofisi yao ilikuwa bado inanuka rangi. Walikuwa wamekaa akina mama wa kamati, na mwenyekiti wao ni mama mfupi, mnene, mwenye sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mlima wa pili. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikaiweka trei mezani, nikafunua kanga. Nikaomba kadi zao mpya, nikazisimamisha moja moja kichwani mwa kila tuta, nyeupe, zimepangana. Nikarudi nyuma nikangoja.

Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba haraka haraka, kama anafukuza inzi. Mwenyekiti akasogea, akainama, akatazama kutoka mwanzo wa safu mpaka mwisho.

"Fundi," akasema kwa upole kabisa, "hapa nani amezikwa?"

Ndipo nilipoona. Matuta ya udongo wa kahawia, majani ya kijani pembeni, na kila tuta lina kibao cheupe kichwani chenye jina la mtu. Mimi ninayefika makaburini mara nyingi kuliko katekista, nilikuwa nimewachongea watu makaburi nikawaletea ofisini kwao. Na majina yenyewe yalikuwa ya kwao.

"Karakana yako iko wapi?" akauliza yule aliyefanya msalaba.

"Majengo."

"Si ile ya…" Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Katibu aliyenitafuta akaanza kutazama kucha zake, na nilimhurumia. Mama mwingine akasema kwa sauti ya chini, "Afadhali tu vile vikombe."

Nina hasira za karibu, sitaficha. Kidogo nikusanye vitu vyangu niwaachie ofisi yao na vikombe vyao, na mlango niufunge wausikie. Lakini nilijua nikitoka na ile trei kwapani, ndiyo imekwisha. Ningerudi kupima maiti mpaka siku na mimi nitakapopimwa. Nikapiga moyo konde nikabaki nimesimama.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "nimekosea, sibishi. Lakini aliyekosea ni jicho, mkono haujakosea. Shika ukingo huo uone kama una mkwaruzo. Naomba nirudie."

Akapitisha kidole. Hakusema kama kuna mkwaruzo au hakuna. "Mafundi wa samani wamejaa mjini hapa. Kwa nini tuhangaike na wewe?"

"Kwa sababu wao wana wateja wanaorudi. Mimi tangu nimeshika patasi sijawahi kumwambia mtu karibu tena. Kwetu ni mwiko. Nataka nianzie kwenu."

Mwenyekiti akanitazama, safari hii mimi, si trei.

"Ngoro, mashamba yetu ya mlimani, umewahi kuziona?"

"Nazisikia."

"Unazisikia." Akageukia wenzake. "Ameichonga nembo yetu kwa kusikia." Wakacheka, hata yule wa msalaba. "Basi keshokutwa tunachimba shambani kwangu. Njoo na jembe lako. Ukirudi huko utaniambia mwenyewe kama unaiweza kazi au huiwezi."

Baba nilipomsimulia alicheka mpaka akashika mgongo. "Umewapelekea makaburi," akawa anarudia, "na vibao juu, na majina yao." Nilimwacha amalize. Alipomaliza akafuta macho akaniambia niachane nayo, kuna watu wa Mpitimbi wanasubiri kazi yao. Kazi ya watu wa Mpitimbi niliifanya, nikaimaliza, nikawapa pole. Kesho yake asubuhi nikafunga jembe kwenye gunia nikapanda gari la Mbinga.

Wale wanaoijua milima ile wanisamehe, maana kwangu ilikuwa mara ya kwanza kuiona bila ukungu. Mlima mzima umegawanywa vyumba vyumba, kuanzia juu mpaka mtoni, na ile nembo iko pale imelala ubavuni mwa mlima. Ila ile miraba haikuinuka. Ilikuwa mashimo. Hizo ndizo ngoro.

Kule kazi ina mwenyewe. Wanaume walikuwa wameshafyeka majani na kuyaacha yakauke, sasa walikuwa wanayalaza kwa mistari, mingine inashuka na mlima, mingine inaukata. Wakishalaza, wanawake ndio wanaingia na majembe. Unasimama ndani ya mraba, unachimba katikati, udongo unaurusha pembeni kufunika yale majani, pande zote nne. Ukitoka hapo umeacha shimo katikati na tuta kulizunguka, na maharage yanapandwa kwenye tuta. Shimo linabaki tupu.

Nikavua viatu nikaingia. Mwenyekiti alikuwa kwenye mraba wa jirani, kitenge kimefungwa kiunoni, na alinitazama kidogo tu akaanza.

"Fundi, unachimba kama unamzika mtu. Kaburi ndilo lina kuta zilizosimama. Laza udongo."

"Nalaza, mama."

"Hulazi, unatupa. Majani yasionekane."

Wenzake wakapokea. Mmoja akauliza kama nimekuja na futi yangu, nimpime kabisa tumalize. Nikamjibu kwamba kwa unene wake itabidi nikaongeze mbao, na akacheka mpaka akaegemea mpini wa jembe. Nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza mtu ananitania juu ya kazi yangu bila kusogea pembeni.

Mchana mvua ikashuka. Wote walikimbilia kwenye kibanda, mimi nikabaki shambani. Waliniita, nikawaambia nakuja, sikuja. Nilitaka kuona. Maji yaliteremka mlimani kwa nguvu, yakifika kwenye tuta yanasimama, yanaingia shimoni yanatulia. Shimo likijaa yanamwagikia la chini yake, nalo linayapokea. Udongo wote ulibaki pale pale. Kwetu kwenye tumbaku mvua ya namna ile ingeondoka na matuta yangu yote hadi barabarani. Nilisimama pale nimelowa chapachapa kama mwendawazimu, nikiwaza mezani. Pini zinazomwagika, klipu, raba, muhuri unaoviringika ukaanguka. Hicho ndicho meza inachotaka, kitu cha kuzuia vitu visiteremke.

Na jambo la pili nililoliona ni kwamba nilikuwa nimetazama nembo kinyume. Mimi niliona mraba nikadhani ndio shamba. Kumbe shamba ni ule mstari wa kijani, na mraba ni mahali pa kupokea.

Nilirudi Songea na malengelenge viganjani na kazi nzima kichwani. Safari hii trei ingeinama kidogo, nyuma juu na mbele chini, mlima, ili mtu akikaa kwenye kiti aone kilichomo kwenye kila shimo bila kuinuka. Ukingo wa chini wa kila shimo ungekuwa mnene kuliko wa juu, ili kitu kisitoke. Peni zingesimama. Ningetoboa matundu kwenye matuta, peni ziote pale yanapoota maharage. Kadi za biashara zingelala zimeegemea tuta la nyuma, si kusimama. Kusimama nilikuwa nimekoma.

Nikachukua kipande kinene cha mninga nikaanza kuchimba mashimo kwa patasi. Yale matuta yanayofuata nyuzi za mbao yalitoka vizuri. Yanayozikata yalikuwa yanavunjika. Nikichimba hiki, kile kinamomonyoka. Nikaongeza unene, ikawa kama tofali. Nikapunguza, ikakatika. Nikajaribu kipande kingine, kikapasuka katikati kabisa nilipokuwa naweka msasa wa mwisho. Nilikitupa kwenye takataka kwa nguvu hadi kuku wa jirani wakaruka.

"Rudi kwenye kazi yako," baba akasema. "Watu hao watafungua ofisi na vikombe, na dunia haitasimama."

"Sirudi."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Basi nitangoja Idi, baba, japo sisi ni wa Krismasi."

Nikakaa chini kwenye takataka za randa nikiwa nataka kulia, na nilikuwa na hasira na ule ubao kama umenitukana mzazi. Nikawaza, yale matuta kule mlimani mbona hayamomonyoki? Ni udongo mtupu, na mimi nina mninga. Ndipo nikakumbuka kwamba kule hakuna anayeanza na shimo. Wanaanza na majani. Wanalaza ya kushuka, wanalaza ya kukata, na pale yanapopandana ndipo pana nguvu. Shimo linakuja baadaye. Mimi nilikuwa nachimba mahali ambapo hapajalazwa kitu.

Nikamgeukia baba. "Baba, kule mwanaume ndiye analaza majani. Mwanamke anachimba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nahitaji fito nyembamba za mninga, zipandane. Hii ikatwe pengo nusu ya kimo chake, na hii nusu, zimezane. Zikibana vizuri, hakuna tuta litakalokatika, kwa sababu kila moja inafuata nyuzi zake. Mapengo yakilegea hata kwa unene wa karatasi, kazi haifai. Mimi mapengo ya namna hiyo sijawahi kuyakata."

Baba aliweka kikombe chini. Zamani, kabla ya tumbaku na majeneza, alikuwa anaunga madirisha yenye vyumba vya vioo vidogo vidogo, madirisha ya misheni, na hilo nilikuwa nimelisahau, au nililijua tu kwa kusikia. Akanyoosha mkono. "Lete huo msumeno mdogo. Na sogeza meza, siwezi kuinama."

Tulifanya kazi hivyo mpaka trei zote zikaisha. Yeye anakata fito na kuzipandanisha, amekaa kwenye kiti chake, ananung'unika kwamba msumeno sijaunoa. Mimi napokea, natia gundi, naziweka juu ya kibao kilichoinama, halafu nakwangua kila shimo kwa patasi ya mviringo mpaka chini kuwe na mbonyeo, kidole kikiingia kiifuate pini na kuiinua. Zile fito alizopandanisha mzee, ukizitikisa hazikulia hata kidogo. Nilimwambia zimekaa vizuri. Akasema anajua.

Nilipompigia mwenyekiti kwamba nitazipeleka, alikataa. "Tunakuja wenyewe. Nataka nione zinapotengenezwa."

Karakana ilikuwa na majeneza yamesimama ukutani, moja limeshatiwa kitambaa cha zambarau. Nikatafuta turubai niyafunike. Baba akaniuliza nayafunika ya nini, yanasikia baridi? Nikamwambia wale ni wateja wa vitu vya ofisi, wakiingia wakayaona watageuza. "Na wakija siku nyingine bila turubai?" akauliza. Nikalikunja nikalirudisha stoo. Bora wageuze leo kuliko waje kugeuza kesho.

Tuliwasikia kabla hawajafika, maana walikuwa wanaongea na kucheka tangu barabarani. Walipovuka mlango kicheko kikakatika. Yule mama wa msalaba akasimama pale pale kizingitini. Mwenyekiti aliingia mpaka ndani, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza la zambarau, akaligonga ubavuni kwa kiungo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali.

"Kazi nzuri," akasema. "Lakini hili siagizi leo. Nionyeshe vya mezani."

Aliyeangua kicheko cha kwanza ni baba.

Nikafunua. Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa mbele ya trei kama mtu aliye ofisini kwake, akaomba pini. Akamimina shimoni. Akachukua peni kwenye mkoba wake akaisimamisha tutani, akaitoa, akairudisha. Akaweka muhuri wa chama kwenye shimo la chini, halafu akaishika trei kwa mikono miwili akaitikisa kwa nguvu, kwa makusudi, na mimi nikafumba macho. Hakikuanguka kitu.

"Nani amelaza?" akauliza, anapitisha kidole pale fito zinapopandana.

"Baba."

"Na kuchimba?"

"Mimi."

"Eeh," akasema, na akawaita wenzake kwa Kimatengo. Wakaja wote wakaizunguka meza, hata yule wa kizingitini. Wakawa wanaingiza vidole mashimoni, wanabishana shimo lipi ni la nani na nani amempandia nani maharage kwenye tuta lake. Katibu alikuwa anapiga picha huku anatabasamu, na nilifurahi kwa ajili yake pia. Nilisimama nyuma yao na mikono yangu imejaa gundi, sijui niiweke wapi. Nilitaka wasimalize.

Wakamaliza. Tukafunga trei zote kwenye makaratasi, tukapanga kwenye maboksi, wakagawana kubeba. Baba, kwa mazoea, aliwaambia, "Haya, poleni, Mungu awatie nguvu." Wakamshangaa kidogo, wakaitikia amina. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, na mwenyekiti akawa wa mwisho, boksi kichwani, mkono mmoja umelishika.

Neno lilikuwa mdomoni, na halikutoka. Nilikuwa nimelisubiri kwa muda mrefu, na sasa ulimi umekuwa mzito kama wa mtu mwingine. Nikaona kisogo chake kinavuka mlango. Nyuma yangu baba aligonga mguu wa meza kwa fimbo yake, mara moja.

"Mama," nikaita.

Akageuka nusu, boksi lisidondoke.

"Karibu tena."

Kwake halikuwa neno la ajabu, ni lile analoambiwa kila duka. "Asante mwanangu," akasema. "Tutakuja mwezi ujao, ofisi ya Mbinga nayo haina kitu mezani." Akaendelea na safari yake, akipaza sauti kuwaita wenzake wamngoje.

Niliporudi ndani baba alikuwa ameshika ufito mwingine, anautazama kama umenyooka.

"Limetoka," akasema.

"Limetoka, baba."

"Haya, noa huo msumeno."